Jinsi ya Kulipanulia Gari Pumzi kwa Dola 20

Mwongozo huu umeandikwa kwa kijana wa Kalemie mwenye Toyota IST iliyochoka, noti ya dola 20 isiyo na hata mchaniko mmoja, na rafiki mwenye msumeno. Akishakuwa na vitu hivyo vitatu, hana sababu ya kuliacha gari lake liendelee kuvuta pumzi kistaarabu kama lilivyofundwa Japani.

Dalili za gari lililokosa hewa hazihitaji daktari. Unakanyaga, linafikiri kwanza. Kwenye mwinuko, pikipiki iliyobeba abiria wawili, mtoto na gunia la makaa inakupita, na yule mtoto anakupungia mkono. Makanika wa kizamani, ukimpelekea malalamiko hayo, atataka atazame buji, apime upepo wa magurudumu, aangalie kama breki zinabana, halafu akuulize ile petroli ya kwenye bidoni uliinunua kwa nani. Mwache na uzee wake. Inawezekana kabisa kwamba buji nne mpya zingemaliza ugonjwa wote, lakini nani aliwahi kufungua boneti mbele ya marafiki ili awaonyeshe buji?

Akikubishia, mpe sayansi. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 8. Injini yako ilizoea hewa ya Yokohama. Imepanda meli, imepanda lori, imevuka ziwa, na sasa inadai haki yake. Usitaje kwamba asilimia hizo 8 hakuna bomba linaloweza kuzirudisha, isipokuwa turbo, na turbo haipatikani kwa dola 20. Mwenye hoja nzuri haisemi mpaka mwisho.

Sasa fungua boneti. Utakuta sanduku jeusi la plastiki lililofungwa kwa klipu, ndani yake filta ya karatasi iliyokunjwakunjwa, bado mpya. Pua ya sanduku hilo imeelekezwa mbele, karibu na taa, mahali hewa inapoingia kabla haijaonja joto la injini. Kando ya bomba pana kikopo kingine kisicho na njia ya kutokea, na ukikitazama utasema fundi alikisahau pale. Hakukisahau. Kazi yake ni kuuzima mngurumo wa hewa inayovutwa, ili abiria wasikie redio. Kumbe ndiyo sababu umekuwa ukipita katika barabara ya Lumumba siku zote hizi na hakuna anayejua kwamba umepita. Ng'oa vyote viwili, sanduku na kikopo. Uvifunge katika mfuko safi, uvitie chini ya kitanda. Iko siku vitahitajika.

Kabla hujafika dukani, hesabu kidogo haidhuru. Petroli haiungui peke yake: gramu moja inahitaji gramu karibu 15 za hewa. Lita moja ya petroli, kwa hewa ya Kalemie yenye joto lake, inameza hewa lita 10,000 hivi. Tangi la lita 40 likiisha, gari dogo kama lako limekunywa hewa inayojaza madarasa mawili ya shule na zaidi ya nusu ya la tatu. Injini ya sisi 1,500 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nawe umekanyaga mpaka chini, inavuta karibu lita 2,000 kila dakika. Ni hewa nyingi, na hewa ya hapa, kuanzia Juni mpaka Septemba, haisafiri peke yake. Atakayebisha na aende barabara ya Nyunzu nyuma ya lori, pale ambapo dereva huacha kuona na kuanza kuendesha kwa kumbukumbu. Lile vumbi jekundu limejaa chembe za mchanga wa kwarzi, nazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikiingia katikati ya pistoni na ukuta wake, zinasaga. Wajapani waliiweka karatasi pale kwa ajili ya chembe hizo. Lakini Wajapani hawajui unavyoitwa ukiwa na gari linalonguruma.

Bomba ni rahisi. Nenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, uombe kipande cha tiyo ya PVC. Muuzaji atakuuliza ni kwa ajili ya choo au lavabo. Mjibu kwamba ni kwa ajili ya mbio. Bomba la kiwandani lina upana wa sentimita 6 hivi, nawe kwa kuwa si mtu wa kubaniwa, chukua la sentimita 11, lile la choo. PVC huanza kulegea ikifika nyuzi 80 hivi, na karibu na mahali moshi unapotokea injini joto hilo ni la kawaida, kwa hiyo baada ya safari ndefu bomba lako litakuwa limejitafutia umbo lake lenyewe. Viungo uvifunge kwa mpira wa ndani wa baiskeli, zile kinga zetu, ukikaze kila kimoja kwa waya. Kolie ya chuma ingekaza vizuri zaidi, lakini ina bei, na hapa tunabana matumizi. Kama kiungo kinavuja, hakuna atakayeona: hewa itaingilia pale ambapo hakuna filta, kimyakimya, na vumbi lake.

Hapa patatokea kikwazo kidogo. Juu ya lile sanduku ulilolificha chini ya kitanda palikuwa na sensa, kijiti cha plastiki chenye uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya gari, kwa kupima umeme unaohitajika kuurudishia moto wake, inajua hewa kiasi gani imeingia, na petroli kiasi gani imwagwe. Sensa hiyo ilipimiwa bomba lake lile la mwanzo. Ukiihamishia kwenye bomba pana, hewa inapita mbele yake polepole. Kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inatoa petroli kidogo, nayo injini inachemka na kugonga. Makanika atakueleza yote hayo. Wewe pasha kisu moto, toboa tundu kwenye tiyo, chomeka sensa, paka gundi. Taa ya manjano ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, ipo bandi nyeusi ya umeme. Kipande cha sentimita mbili kinatosha kabisa kuizima taa hiyo.

Tunafika kwenye filta yenyewe, ambayo ndiyo roho ya kazi. Kuna shule tatu za mawazo.

Ya kwanza ni ya sponji ya godoro, na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba godoro lisiwe la mama yako.

Ya pili ni ya chandarua, na ndiyo inayopendwa zaidi, kwa sababu chandarua hupatikana bure na hapa ziwani kimeshazoea kufanya kazi zisizo zake. Wangapi wameona chandarua cha malaria kikivua ndakala? Kikunje mara nne, ukifunge mdomoni mwa tiyo kwa kamba. Tundu la chandarua lina upana wa milimita moja na kidogo. Chembe za vumbi zinazokula injini zaidi ni zile za maikroni 5 mpaka 20, ndogo kuliko unene wa unywele, na kwenye tundu moja la chandarua zinaweza kupita makumi kwa makumi bega kwa bega bila kusukumana. Mbu hatapita. Injini yako haitaugua malaria maisha yake yote. Nilisikia mazungumzo yafuatayo kwenye garaji moja, nayo yanatosha kuwa fundisho la shule hii:

"Shefu, hii si filta. Hii ni chandarua."

"Weka tu, yaya."

"Vumbi itapita."

"Na hewa?"

"Hewa pia itapita."

"Basi weka."

Shule ya tatu ni ya mabwana wakubwa: filta ya pamba yenye umbo la uyoga, inayopakwa mafuta maalumu, inayofuliwa na kurudishwa. Kampuni ya K&N iliyoanzia California imejipatia jina kwa filta za aina hiyo tangu 1969. Ile halisi hupita bajeti yetu, lakini wapo binamu zake wasio na jina, wenye rangi nyekundu ileile, wanaokuja na mizigo ya ng'ambo kupitia Kigoma. Ukiagiza, uwe na subira, ukijua kwamba vitu vya injini havijawahi kufika mji huu kwa urahisi. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuleta hapa mashua mbili za injini za petroli, Mimi na Toutou, wapigane na Wajerumani ziwani. Walizishusha Cape Town, wakazipandisha treni mpaka Fungurume, wakazivusha milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, wakazirudisha kwenye reli, wakaziteremsha kwenye mto Lualaba mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo zikaja kwa treni mpaka hapa kwenye Lukuga. Tarehe 26 Desemba zikaikamata meli ya Kijerumani Kingani. Ikiwa mashua zilifika, na filta yako itafika. Tofauti ni kwamba Mimi na Toutou zilipofika zilifanya kazi.

Mafuta yake maalumu yakikuishia, utashawishika kutumia mawese. Hujakosea sana, maana mawese yananasa vumbi vizuri. Tatizo ni kwamba asubuhi yenye baridi yanaganda, mchana yanayeyuka, na yakiyeyuka yanavutwa ndani mpaka kwenye ule uzi wa sensa, yanaunguzwa pale, na vumbi linakaa juu yake. Gari litakosa nguvu kuliko zamani. Lakini litanukia vizuri, na ukipita karibu na watu wenye njaa watakusifu.

Kazi imekwisha, washa. Utasikia mvumo mzito, kama gari limemeza hasira. Hapo utaapa kwamba nguvu zimeongezeka, na mimi sitakupinga, kwa kuwa sikio ndilo chombo pekee cha kupimia nguvu ulicho nacho. Wapimaji wengine wana roho mbaya. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilichukua magari ya kisasa, ikaziziba filta zao makusudi, ikayaendesha kwenye mitambo. Matumizi ya petroli hayakubadilika kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta ilipunguza petroli kulingana na hewa. Kilichopungua ni kasi ya kuchomoka dereva anapokanyaga mpaka chini. Maana yake, filta iliyoziba kabisa inakuibia kidogo, tena pale tu unapokanyaga yote. Filta safi ya karatasi haikuibii chochote cha kutafutiwa dola 20. Katika mwendo wa kawaida kinachobana hewa ni kile kibao cha chuma kinachofunguliwa na mguu wako mwenyewe. Lakini utafiti wa Marekani haukufanywa mbele ya mabinti wanaotoka kanisani Jumapili, kwa hiyo una mapungufu.

Jambo moja litakusumbua: filta yako sasa iko wazi, imekaa juu ya injini, inavuta hewa ya jikoni. Kila hewa inapopanda joto kwa nyuzi 3, inapungua uzito kwa asilimia moja. Nje ni nyuzi 30, chini ya boneti ni 60. Umepoteza asilimia 9 na kidogo, zaidi ya zile 8 ulizokuwa ukiilaumia milima. Dawa wanayopewa wote ni ileile: ongeza tiyo, ishushe mpaka chini ya bampa la mbele, ikavute hewa baridi ya barabarani.

Ishushe. Lakini kwanza kumbuka uko wapi. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka likaingia katika nyumba na barabara za mji, na hata bila ziwa, mvua ya saa moja inatosha kutengeneza vidimbwi ambavyo kina chake hujulikana na bata peke yao. Injini ya IST inabana hewa mara kumi na nusu. Pistoni inapofika juu kabisa, nafasi inayobaki ndani ya kila silinda ni sentimita za ujazo 40 hivi. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Vijiko vitatu vya maji, vile vya kulia wali, vikiingia silinda moja kwa wakati mmoja, pistoni inasimama njiani na bieli inapinda. Sauti yake ni moja tu, fupi. Baada ya hapo gari linakuwa na pumzi ya kutosha kabisa, kwa kuwa halivuti tena.

Wenye hofu ya maji huchagua pembe, lile bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, kama uliloliona kwenye Land Cruiser nyeupe za mashirika. Hilo ni wazo la heshima. Kule juu vumbi la gurudumu ni dogo, hewa ni baridi, na kidimbwi hakifiki. Kwa bahati mbaya pembe ya kweli inataka kutobolewa kwa bodi na viungo visivyovuja hata tone, na gharama yake inakaribia ya gari. Suluhisho la kibajeti ni kuchukua ile tiyo ya choo iliyobaki, kuipaka rangi nyeusi, na kuifunga kwa skrubu kwenye ubavu wa gari bila kuiunganisha na kitu chochote. Katika maboresho yote ya mwongozo huu, hili ndilo pekee lisiloharibu injini, na nalipendekeza kwa moyo mweupe.

Atatokea mjuaji akuulize: hewa ikiingia nyingi hivyo, moshi utatokea wapi? Swali hilo ziwa letu liliwahi kuulizwa. Mzungu Cameron alipofika hapa mwaka 1874 aliikuta Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani, imesongwa na majani na tope; mito ikaendelea kuingiza, ziwa likaendelea kupanda, mpaka kizuizi kikapasuka mwishoni mwa miaka ya 1870 na maji yakateremka kwa mita kadhaa. Kwa hiyo ndiyo, ukipanua pua lazima upanue na mkia, na makanika atakupa bei ya bomba jipya la moshi. Hapo ndipo dola 20 zinapopasuka zenyewe. Kata sailensa kwa msumeno, uende zako.

Kuna watu ambao hawatafuata hata hatua moja ya mwongozo huu. Kiangazi kikianza wanafungua lile sanduku jeusi, wanatoa filta ya karatasi, wanaigongagonga taratibu, wanaipuliza kwa upepo wa kompresa kutoka ndani kwenda nje, wala hawaifui. Wanafuta ukingo wa sanduku, wanahakikisha klipu zote zinakaza, wanatazama bomba la mpira kama lina ufa. Hata filta ikiwa na vumbi kidogo hawana wasiwasi, maana vumbi hilo linaziba mapengo na kuifanya ichuje vizuri zaidi. Nyuma ya lori wanapunguza mwendo, wanaliacha liende. Magari yao yanatembea miaka na miaka na hayana habari yoyote ya kusimulia. Tusipoteze muda kwao.

Wewe, baada ya kiangazi kimoja au viwili, utaanza kuona asubuhi moshi wa bluu nyuma ya gari. Ni mafuta ya injini: pete za pistoni zimesagika na sasa yanapenya na kuungua. Huu ndio wakati wa kuuza, na una kanuni zake. Jaza mafuta mazito kuliko yanayotakiwa. Yatachelewesha moshi kwa siku chache. Washa gari nusu saa kabla mnunuzi hajafika, kwa kuwa moshi huo huonekana zaidi injini ikiwa baridi. Bandua bandi kwenye dashibodi baada ya kuing'oa taa. Ondoa tiyo, ondoa chandarua, toa ule mfuko chini ya kitanda, urudishe sanduku na kikopo mahali pake, na klipu zote uzifunge. Mnunuzi kutoka Moba, mtu makini, atafungua sanduku hilo kabla ya kitu kingine chochote, atainua ile karatasi juani, aione nyeupe, bila hata doa.

"Papa, filta hii ni mpya?"

Hapo usimdanganye mtu mzima. Mwambie haijafanya kazi hata siku moja.